Mshahara wa ofisini na khanga za kwenye simu: uzoefu wangu

Nimeajiriwa kama msaidizi wa mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nje ya saa za kazi nauza khanga kwa simu. Sina duka wala meza ya kupanga bidhaa. Nina simu yenye laini mbili, kabati la khanga nyumbani Kimara, na wateja wa Dodoma, Mwanza, Mbeya na Songea ambao wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Wenzangu huniuliza nawezaje, maana wengi wameanza biashara ya mtandaoni wakiwa kazini, ikawashinda. Mama yangu naye alinionya mapema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Kilichokuwa kinaniponyoka mimi ni utulivu wa kichwa, na nilipochunguza nikaona unaliwa na kitu kimoja: maswali.

Chukua picha moja ya khanga kwenye status ya WhatsApp. Ukiandika chini yake "bei njoo inboksi", kama wafanyavyo wauzaji wengi, umejitafutia kazi ya mchana kutwa. Watu watauliza bei mmoja mmoja, utawajibu mmoja mmoja, na wengi wataishia hapo. Wapo wanaoficha bei ili wampime mteja kwanza, huyu wa elfu kumi na tano, yule wa ishirini. Silipendi hilo hata kidogo. Mwalimu wa Songea na mke wa mfanyabiashara wa Mwanza wananunua doti ileile, basi bei ni ileile. Siku hizi kila picha yangu ina bei ya doti, jina la khanga lililoandikwa waziwazi kwa kuwa mnunuzi wa khanga husoma kabla hajaangalia rangi, gharama ya kutuma, na saa ninazojibu. Anayenitafuta baada ya kusoma hayo yote, mara nyingi yuko tayari kulipa.

Saa zenyewe nilizipanga kwa kufuata sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Hizo dakika 60 za mchana ni zangu, na jioni ni yangu. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Laini ya biashara naizima nikiingia ofisini, naiwasha wakati wa chakula, kisha tena nikishuka basi la Mwendokasi. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka ujumbe unaojibu wenyewe wakati wewe hupo. Wangu unasema: "Asante kwa kunitafuta. Niko kazini, nitakujibu saa saba mchana au kuanzia saa moja usiku." Niliogopa wateja wangekimbia. Hawakukimbia. Mtu akijua utamjibu saa ngapi, husubiri.

Mkuu wangu wa kitengo nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine.

"Shikamoo bosi. Naomba dakika chache."

"Marahaba, kaa. Kuna nini?"

Nikamweleza. Akauliza jambo moja tu: "Nguo unanunua kwa nani?" Lilikuwa swali la haki, kwa sababu miongoni mwa wateja wa ofisi wapo waagizaji wa vitambaa, na mimi naziona nyaraka zao. Nikamwambia nanunua kwa wauzaji wa jumla wa Mtaa wa Uhuru, na kwamba sitanunua kwa mteja yeyote wa ofisi. Tukaliandika na kutia saini. Karatasi ile inanipa usingizi kuliko faida yoyote.

Kazi ngumu kuliko zote imekuwa kumfanya mtu asiyenijua atume pesa kabla ya kuona mzigo. Namkumbuka mama mmoja aliyenipigia kutoka Songea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka: "Mwanangu, matapeli ni wengi. Nitajuaje wewe si mmoja wao?" Sikumlaumu. Nilimwomba ajaribu kulipa kwa lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, asome jina litakalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Jina la biashara nimelisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ndilo linalotokea, sawa na lililo kwenye ukurasa wangu. Akalisoma kwa sauti, taratibu, akasema haya. Nikampelekea picha ya khanga iliyopigwa dirishani kwa mwanga wa mchana bila kuongeza rangi, halafu nilipoukabidhi mzigo nikampelekea picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari na simu ya ofisi ya mizigo. Tangu hapo amenitambulisha kwa dada zake na kwa kikundi chake cha kukopeshana. Tangazo la kulipia halijawahi kunipa wateja wa namna hiyo.

Mabasi nayo yamenibadilishia maisha. Zamani mabasi ya mikoani yaliondoka alfajiri, na mtu mwenye ajira alilazimika kuupeleka mzigo usiku wa manane au kumlipa bodaboda. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Kwa kuwa stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, mbele kidogo ya kwetu, jioni napita nyumbani, nachukua vifurushi, naenda kuvikabidhi, na mteja wa Dodoma anaweza kupokea asubuhi yake.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, maana wahasibu tukianza hatumalizi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mshahara unaingia benki, biashara inaingia lipa namba, na hivyo viwili havikutani. Muuzaji wa jumla namlipa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya biashara, kwa sababu kila unapotoa pesa taslimu kuna ada ya mtandao wa simu na juu yake tozo ya serikali. TIN, namba ya mlipakodi, nimechukua, na kuichukua ni bure.

Daftari nalo ni la karatasi kweli, na majina na namba za wateja wote zimo humo. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, WhatsApp ikawa haifunguki. Nilikaa na daftari nikawapigia wenye oda kwa simu ya kawaida, nao wakalipa kwa *150*00# ya M-Pesa, ambayo haihitaji bando. Daftari hilo nalifungia kabatini, wala namba ya mteja simpi mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, mtu aliyekuamini na namba yake amekupa amana.

Kuna wakati mmoja tu ninaouvunja utaratibu wangu wa saa, nao ni msiba. Khanga si nguo ya sherehe peke yake. Mtu akifariki, wanawake wa ukoo hutaka khanga za aina moja, na hutaka leo. Simu kama hiyo ikiingia saa tano usiku, naipokea. Siulizi kwanza watalipaje. Natoa pole, nauliza wako wangapi, mazishi lini, na kama wana rangi waliyoichagua. Kabatini kuna akiba ya doti ambazo sizitangazi, zenye majina ya upole, yasiyo na mafumbo wala vijembe, kwa sababu huwezi kumfunga mfiwa khanga ya kumsuta jirani. Bei yake naipunguza hadi gharama tu. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo kwenye semina ya biashara mtandao. Nimelelewa hivyo na siwezi kufanya vingine.

Swali linaloulizwa sana sasa ni lini nitaacha kazi. Watu wanaona vifurushi, wanadhani ofisi ni ya kupotezea muda. Mimi nimepiga hesabu. Nikiondoka, sipotezi mshahara peke yake. Napoteza pia asilimia 10 ambayo mwajiri ananichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi, na bima ya afya ya watoto. Khanga nazo zina msimu: kabla ya Idi na wakati wa harusi mauzo hupanda, kisha kuna miezi mikavu. Nimeamua kupima biashara kwa miezi hiyo mikavu. Ikifika mahali faida ya mwezi mkavu inalipa kodi ya nyumba, ada za shule na mchango wangu mwenyewe wa NSSF, nitakwenda kwa bosi kumwomba dakika chache nyingine. Bado haijafika, na Jumamosi nakwenda Mtaa wa Uhuru kuongeza mzigo wa Idi.