Kumbukumbu ya riwaya yangu: nimeuacha uzi mwekundu, nimeshika nili

Jana usiku nimemaliza sura ya 9. Kwa mara ya kwanza tangu nianze riwaya hii, ishara zake zinaisukuma hadithi mbele badala ya kuipamba tu.

Kwa kifupi: Zuhura ni mtia rangi vitambaa, Nasibu ni mganga mwanafunzi, na wameandikiwa kupendana tangu hawajazaliwa. Uchawi wa dunia yao umo ndani ya rangi. Rangi humuunguza mwilini anayeivaa bila kuistahili.

Rasimu ya kwanza niliijenga juu ya uzi mwekundu. Ni ishara ya kale na naipenda sana: katika ngano za Wachina, mzee Yue Lao huwafunga vifundoni wawili waliokusudiwa kuoana, na Wajapani huusimulia uzi huo ukiwa umefungwa kwenye kidole cha mwisho. Lakini kila Zuhura alipokasirika akaondoka, msomaji alishajua uzi utamvuta arudi. Sura ya 4 ilinishinda mara tatu kwa sababu hiyo. Wanagombana, wanalia, na hakuna kinachoweza kupotea. Nilitaka majaaliwa ambayo mtu anaweza kuyapa kisogo, na uzi ulioshafungwa haumpi mtu nafasi hiyo. Nikaufuta, pamoja na kurasa zote zilizouegemea. Waridi na pete navyo vikaenda.

Nili, ile rangi ya buluu ya kutia vitambaa, ilikuja nilipokuwa nasoma jinsi watia rangi wanavyofanya kazi. Kitambaa hakitoki pipani kikiwa buluu. Kinatoka kijani chenye umanjano, kinachuruzika, halafu hewa inakigusa na buluu inaanza kutambaa kutoka kwenye pindo, mbele ya macho yako, kwa dakika chache tu. Niliposoma hivyo nilisimama nikazunguka chumba. Mapenzi yao ndiyo hayo! Rangi imeshaingia kwenye nyuzi, lakini mmoja wao asipothubutu kukitoa kitambaa pipani, haitaonekana kamwe. Tena mchovyo mmoja huacha buluu hafifu; ukitaka iliyokolea, unachovya, unaanika, unachovya tena. Kwa hiyo riwaya sasa ina michovyo mitano, na kila mmoja ni mara ambayo mmoja wao angeweza kuondoka.

Jina la Zuhura nalo limepata kazi. Sayari ya Zuhura huonekana majira fulani alfajiri, majira mengine jioni, na Wagiriki wa kale waliipa majina mawili, Phosphoros na Hesperos, kana kwamba ni nyota mbili. Basi katika sura ya 6 Nasibu anampenda mwanamke mwenye shela anayekutana naye jioni, huku akibishana kila alfajiri na mtia rangi mkaidi aliye mlangoni pake. Kinachomfumbua macho ni vidole. Siku hiyo mwanamke wa jioni anapokea kikombe, na kucha zake zina buluu pembeni, pale ambapo sabuni haifiki. Nasibu hasemi kitu. Anamjazia kikombe tena ili azidi kuitazama mikono ile. Hiyo ndiyo aya ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kimebaki kitu kimoja kilichonikosesha usingizi. Nili hushika zaidi upande wa nje wa uzi, kwa hiyo hufifia panaposuguliwa: viwikoni, magotini, kwenye mikunjo. Nilifikiri kuuficha ukweli huo maana unaiharibu jazanda yangu. Nimeamua kinyume chake. Sura ya 10 inaanza miaka mingi baadaye. Nguo ya Nasibu imepauka begani, mahali ambapo Zuhura amekuwa akilaza kichwa, naye anaivua na kumpa bila kuombwa. Pipa limeshafunuliwa. Leo jioni naandika mchovyo wa sita.