Daftari jekundu

Jumapili usiku, Chumbageni, Tanga

Nimerudi kutoka uwanja wa gofu saa moja kasoro. Soksi zimejaa mbegu za majani, mgongo unauma palepale pa siku zote, na daftari langu la jalada jekundu lina ukurasa ambao sijawahi kuwa nao. Nitaufikia. Kwanza nataka kujiandikia jinsi miezi hii ilivyokwenda, maana kumbukumbu yangu ina tabia ya kuhifadhi mikwaju mizuri na kuitupa mingine yote, na tabia hiyo ndiyo iliyonichelewesha miaka mitatu.

Kazi yangu ni uhasibu. Mchana kutwa nafuata shilingi za watu moja moja mpaka hesabu ifunge, na isipofunga sipati usingizi. Lakini nikishatoka ofisini, nikabadili viatu na kuingia kwenye nyasi, nilikuwa naandika namba moja tu: jumla ya mikwaju. Hamsini na nane. Hamsini na saba. Sitini. Hakuna mwenye duka anayeweza kuliokoa kwa kujua hasara ya mwezi bila kujua inavujia wapi, na hilo nimelisema mbele ya wateja mara nyingi. Gofu nilikuwa sijaipa heshima hiyo.

Mashimo tisa ndiyo ninayoyaweza. Nikitoka kazini jua limeshaanza kushuka, kwa hiyo kumi na nane nawaachia wenye nafasi za asubuhi. Paa ya tisa zangu, yaani mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia, ni 36. Mwezi Machi, kabla ya masika, wastani wangu ulikuwa 58, yaani mikwaju 22 imezidi. Hiyo 22 ndiyo niliyoamua kuitafuta mkwaju kwa mkwaju.

Nikachora safu tano kwenye daftari: mkwaju wa kuanzia, mikwaju ya katikati, mikwaju ya kando ya griini (zile nyasi fupi laini zinazozunguka shimo), griini yenyewe, na adhabu. Kila nikimaliza shimo, kabla ya kwenda linalofuata, naandika kilichozidi kimezidia wapi. Wenzangu ninaocheza nao walikuwa na jibu kabla sijaanza. "Dada, wewe unamalizikia griini." Nami niliamini, kwa sababu mpira unaopita ukingoni mwa shimo kwa upana wa kidole unauma kuliko ule uliopotelea vichakani. Shimo lina upana wa milimita 108. Ukilikosa kwa nywele unarudi nalo nyumbani, unakula nalo, unaamka nalo.

Baada ya mizunguko kumi nikapiga mstari nikajumlisha. Griini ilikuwa inanila mikwaju minne. Kando ya griini minne. Adhabu na mipira iliyopotea, sita. Mikwaju ya katikati, ile ninayoipiga nikiwa kama mita mia kutoka kwenye bendera, ilikuwa inanila minane. Minane! Nilikaa na ile karatasi kwenye kibaraza mpaka chai ikapoa. Muda wote ule nilikuwa naenda uwanjani mapema kufanya mazoezi ya griini, naenda kupaka rangi mlango wa nyumba inayovuja paa.

Baadaye nilisoma kuhusu Mark Broadie, profesa wa Columbia University huko New York, aliyechambua mamilioni ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani na ya wachezaji wa kawaida pia. Aliona kwamba kiasi cha theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji hodari na dhaifu inatoka kwenye mikwaju mirefu, ile ya umbali wa zaidi ya mita 90 hivi, na theluthi moja ndiyo inayotoka karibu na shimo na kwenye griini. Nilifurahi kama mtu aliyekuta hesabu yake ya penseli inalingana na ya benki. Na tena, hata hao wa kulipwa, mpira ukiwa mita mbili na nusu kutoka shimoni wanauingiza nusu ya mara. Nusu tu. Mimi nilikuwa nikiukosa wa umbali huo najilaumu njia nzima.

Sasa Mzee. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe hapendi. Alianza akiwa kedi, amebeba mifuko ya watu ujanani kwake kote, na amejifunza mchezo huu kwa macho kabla ya kuugusa kwa mikono. Nilimwendea Aprili, mvua ikiwa imesimama siku mbili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Piga, nione."

Nikapiga mipira kumi. Minane ikakata kulia, kama kawaida yangu. Hakusema kitu kuhusu mabega wala kiuno, mambo ambayo nimeyasikia kwa kila mtu. Aliutazama mkono wangu wa kushoto tu. Akauzungusha kidogo kulia juu ya mpini mpaka nikitazama chini naona vifundo viwili vya vidole, akaniambia niushike mpini kama ninavyomshika mtoto mkono tukivuka barabara kule Ngamiani: asichomoke, lakini asilie. Kisha akanieleza kwa nini. Uso wa fimbo ulikuwa unafika kwenye mpira umefunguka, unatazama kulia kuliko njia ambayo fimbo yenyewe inapita, na mpira ukipigwa hivyo unapata mzunguko wa kuupeleka kulia. Kadiri ninavyojitahidi kuuelekeza kushoto kwa mikono, ndivyo njia ya fimbo inavyozidi kukata na mpira unavyozidi kupinda. Miaka mitatu nilikuwa natibu ugonjwa kwa kuuongeza.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa chungu. Nilipiga 63, nikapiga 61, na jioni moja niliondoka baada ya shimo la nne. Mikono ilikuwa ngeni, fimbo ilikuwa ngeni. Nilitamani sana kurudi kwenye mshiko wangu mbaya niliouzoea. Nilipomwambia Mzee alinijibu, "Mkono unaomboleza, mwanangu. Uache ulie, utanyamaza." Ulinyamaza mwezi wa Juni.

Jambo la pili alilonibadilishia ni mazoezi. Mimi nilikuwa nachukua ndoo ya mipira na fimbo moja, ayani 7, nikipiga hamsini mfululizo. Kufikia wa thelathini inaruka vizuri mno, narudi nyumbani nimeridhika, kesho yake uwanjani hakuna hata mmoja unaofanana na ile. Mzee akanikataza kupiga mipira miwili mfululizo kwa fimbo moja. Draiva, ile fimbo ya mbali kuliko zote, halafu weji, fimbo ya mikwaju mifupi, halafu ayani 7, halafu mkwaju mfupi wa kuvuka bunka, yaani shimo la mchanga. Kila mara nachagua bendera mpya, kila mara narudi nyuma ya mpira na kuanza upya kama vile ndio wa pekee. Inachosha kichwa na inaonekana vibaya. Ukinitazama siku hizi nikifanya mazoezi utadhani nimerudi nyuma. Lakini hili nalo limepimwa. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan waliwafundisha watu mienendo mitatu ya mkono: kundi moja lilimaliza mmoja ndipo likaenda mwingine, jingine lilichanganyiwa. Waliochanganyiwa walifanya vibaya zaidi wakati wa kujifunza, lakini walipopimwa baada ya siku kumi ndio waliokuwa wamekumbuka zaidi. Mzee hajawahi kusoma utafiti huo. Anasema tu kwamba uwanjani hakuna mtu atakayekupa mpira wa pili, basi usijizoeshe kuusubiri.

Ila yote hayo, mshiko na mazoezi, yalinipunguzia mikwaju mitatu hivi. Kilichopunguza zaidi ni siku moja ya Julai ambayo sikucheza kabisa.

Nilichukua mipira ishirini na ayani 7, nikaipiga yote kwenye sehemu tupu, kisha nikatembea nikipima kila mmoja kwa hatua, nikiandika. Ule bora ulikwenda mita 118. Huo ndio niliokuwa nikiulizwa "ayani 7 yako inafika wapi?" nauweka mbele kama cheti. Lakini mipira mingi ilikuwa imekusanyika kwenye mita 97, na mitatu haikufika 80. Nilisimama pale katikati na daftari mkononi. Kumbe kila nilipokuwa mita 115 kutoka kwenye bendera nilichomoa ayani 7, kwa sababu *inafika*, na kila mara nilianguka mbele ya griini, mara nyingi ndani ya bunka, kisha nikalaumu mwili wangu kwa mkwaju mbovu. Mkwaju haukuwa mbovu. Ulikuwa mkwaju wangu wa kawaida kabisa. Mbovu ilikuwa imani.

Hilo lilinigusa mahali ambapo sikutarajia, na sitalieleza lote hapa. Nina miaka arobaini na tatu na nimejipima kwa siku zangu bora katika mambo mengi kuliko gofu.

Nilirudi kuutazama hata mfumo wa hendikapu, namba inayopima uwezo wa mchezaji, kwa jicho jingine. Utaratibu wa dunia nzima ulioanza 2020 unachukua matokeo yako bora nane kati ya ishirini ya mwisho. Maana yake hendikapu inasema unachoweza kukifanya ukiwa umeamka vizuri. Haisemi utakachofanya Jumanne. Nilikuwa nikicheza vibaya kuliko hendikapu yangu na kuona aibu, kumbe hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe siku nyingi.

Tangu hapo ninachagua fimbo kwa mita 97. Mita 115 ni ayani 5, inayofika mbali kuliko 7, basi. Na kwa kuwa nimejua pia kwamba draiva yangu inatawanyika upana wa nyumba mbili, mahali penye mpaka wa uwanja upande wa kulia siichomoi. Sheria ya tangu 2019 inakupa dakika tatu za kutafuta mpira; zikiisha unarudi ulikopigia na mkwaju mmoja wa adhabu, kwa hiyo ukifika tena pale ulipotaka kuwa umeshalipa mara mbili. Kwenye safu yangu ya adhabu karibu yote ilitoka kwenye mashimo mawili, na kwenye mashimo hayo mawili nilikuwa nachomoa draiva kwa mazoea tu, kwa sababu kila mtu anachomoa.

Upepo nao. Agosti hii kusi limekuwa kali, na alasiri linakuja moja kwa moja usoni kwenye mashimo ya kurudi. Zamani nilikuwa nalijibu kwa nguvu. Kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo mpira unavyopata mzunguko mwingi, na mzunguko huo dhidi ya upepo unaupandisha juu, unasimama hewani na kudondoka kama embe. Upepo wa mbele unakunyang'anya kuliko upepo wa nyuma unavyokupa. Wavuvi wetu wa pwani ya Deep Sea hawapigani na kusi, wanabisha. Wanakwenda huku, wanageuza, wanakwenda kule, na wanafika. Sasa nachukua fimbo ndefu kwa moja au mbili, nashika mpini chini kidogo, napiga kwa upole, na mpira unapita chini ya upepo.

Basi, leo. Shimo la saba, mita 310, paa 4, mpaka kulia na kusi usoni. Wenzangu wawili walipiga draiva. Mmoja alikwenda mbali sana, vizuri sana, nikapiga makofi kwa moyo wote. Mimi nilichukua ayani 5. Mpira ulikwenda kama mita 95 tu kwa ule upepo, chini chini, ukakaa katikati ya majani mafupi. Ayani 5 tena. Ayani 5 tena. Mkwaju wa nne, weji, ukapanda griini, hatua kumi kutoka shimoni. Nikapiga wa tano nikiwaza mwendo peke yake, si shimo, mpira ukasimama umbali wa fimbo moja. Sita. Ni mbili juu ya paa, na hakuna atakayesimulia shimo hilo. Machi, kwenye shimo hilohilo, daftari linaonyesha 8, 9, 8, 10.

Nilimaliza kwa 50. Nilitamani 49, sifichi. Mpira wa mwisho ulipita kando ya shimo na nikasikia tumbo likishuka. Lakini nilipokaa chini ya mti kufanya hesabu, safu ya adhabu ilikuwa nyeupe toka juu mpaka chini. Mashimo tisa, mpira mmoja, uleule niliotoka nao nyumbani, umechubuka kidogo upande mmoja. Miaka mitatu na sijawahi kuirudisha nyumbani safu hiyo ikiwa tupu.

Mzee alikuwa anapita na baiskeli yake. Nikamwonyesha ukurasa. Aliushika mbali na macho, akausoma safu kwa safu bila haraka, akaweka kidole kwenye safu ya tatu, kando ya griini, palipoandikwa tano.

"Hizi hapa," akasema. "Jumamosi njoo na weji tu. Mfuko uache nyumbani."

Mpira wenyewe nimeuosha, uko dirishani unakauka.