Mto Wenye Milango

Masika yameshika, na mawazo yamerudi Mto Pangani, chini ya bwawa la umeme la Hale, mkoani Tanga. Sisi wavuvi wa mshipi tumezoea kusoma mawingu, lakini hapa mawingu hayatoshi. Mto huu una milango.

Maji ya Hale hupita chini ya ardhi hadi kwenye mitambo iliyoanza kazi 1964, hivyo kati ya bwawa na pale yanapotokea tena, mto unaweza kubaki mawe matupu. Hapo ndipo pa kuogopa. Bwawa likijaa milango hufunguliwa, na maji huja jua likiwaka. Chomeka kijiti ukingoni, usawa wa maji. Yakipanda vidole viwili, au ukiona majani makavu na povu vikielea katikati, kunja mshipi upande juu. Usimngoje samaki aliyeanza kudonoa.

Maji yakipanda taratibu, perege huukimbia mkondo na kujibanza nyuma ya mawe. (Mmoja wao sayansi inamwita Oreochromis korogwe, kwa jina la Korogwe yetu, napenda sana hilo.) Uzi wa milimita 0.25, ndoana namba 10, na chubwi, kizito cha kuzamisha chambo, shibiri moja juu ya ndoana. Siku nyingi huharibiwa na chubwi: nzito hunasa kati ya mawe, nyepesi hupita mbio na chambo kikaelea juu ya samaki. Inayofaa hugonga jiwe, ikatulia, ikagonga tena, na kidole kilicho juu ya uzi kinasikia kila inapogonga.

Chambo ni ugali. Usonge mgumu, ukipoa uukande na unga mbichi kidogo mpaka uache kunata, ukate vidonge vya ukubwa wa kunde. Ugali laini humeguka mara ya pili kutupa, nawe unabaki unavua kwa chuma kitupu.

Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, ni zamu ya kambare, anayetafuta kwa sharubu. Mpe minyoo au utumbo wa kuku, ndoana kubwa zaidi, namba 2, na uzi wa 0.45. Mshike nyuma ya miiba ya mapezi ya ubavuni, gumba huku, shahada kule. Akijipinda, mwiba hutoboa kiganja. Mwenye mayai arudishwe: msimu huu hupanda kutaga kwenye nyasi zilizofurika.

Miguu ibaki nchi kavu, hatua kadhaa kutoka majini. Pangani ina mamba.