Sauti za wahusika: kusoma majibizano darasa la tatu

Mtoto akisoma maneno ya Fisi na ya Sungura kwa sauti moja, wengi wetu humwambia, "Weka hisia!" Naye anabana koo na kupiga kelele. Hisia haziji kwa amri. Muulize kwanza: huyu anayesema anataka nini?

Kiswahili kina mtego wake. Muuzaji wa viazi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayepima kwa kopo liitwalo sado, anasema, "Sado elfu tatu." Mteja anashtuka: "Sado elfu tatu?" Muuzaji anashikilia: "Sado elfu tatu!" Maneno ni yaleyale, tofauti ni kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na alama iko mwishoni kabisa. Mtoto akiifikia ameshachelewa. Hata "aliuliza kwa hasira" huja baada ya maneno yenyewe. Ndiyo maana usomaji wa kwanza uwe wa kimya, jicho likitafuta alama na nani anasema. Huku Tukuyu, mvua ikipiga bati, hiyo ndiyo kazi ya kuwapa, msishindane nayo. Vitabu vya shule visichorwe: nakili mistari 8 hadi 10 ubaoni, kila mhusika na rangi yake ya chaki, msimulizi nyeupe.

Wasome mara ya pili kawaida tu. Anayekwama kwenye silabi bado hana nafasi ya kufikiria sauti. Mpe mstari mfupi aurudie mpaka utiririke.

Sauti ianzie kwenye kasi. Babu asome taratibu na kutua kwenye mkato, bila kutetemesha sauti. Mtoto mwenye haraka aunganishe maneno. Kisha nguvu ya sauti. Unene na wembamba viwe vya mwisho, maana hapo ndipo koo huumia. Akianza kukohoa, arudi kwenye sauti yake.

Kosa sugu ni kusoma "alisema Fisi" kwa sauti ya Fisi. Dawa yake ni kumpa mtoto mwingine sehemu ya msimulizi hadi wote waisikie tofauti hiyo, ndipo mmoja asome zote mbili.

Wengi huku huchanganya r na l. Usimkatize katikati ya jibizano, kiimbo kitakufa. Andika neno pembeni, mlirudie baadaye.

Darasa la watoto 60? Wanne wasome mbele, wengine wafumbe macho na kunyoosha mkono kila mhusika anapobadilika. Mikono ikisitasita, rudieni mstari huohuo.