Nilivyomkagulia dada nyumba ya Texas kwa rekodi za mvua ya mawe, mie niko Fuoni, Unguja

Dada yangu anaishi Marekani, Texas, upande wa Fort Worth, alikuwa anatafuta nyumba ya kununua akabakiwa na mbili mkononi hajui ashike ipi. Bei zote anaziweza, kilichomkwaza ni bima. Kule kuna kifungu kwamba paa likiharibiwa na upepo au mvua ya mawe, kampuni haiingii mpaka wewe mwenyewe utoe kwanza asilimia fulani ya thamani uliyoikatia nyumba bima, yake ilikuwa asilimia 2. Nyumba ya dola 300,000 ni dola 6,000 zinakutoka mfukoni, na mwakani ikinyesha tena unatoa tena. Dalali akamwambia ile nyumba ya pembeni ya mji haina historia ya mambo hayo. Dada akanitumia voisi, "mdogo wangu, wewe si ndo mtu wa ekseli, hebu niangalizie kama huyu bwana anasema kweli."

Kazi yangu mie hesabu za hoteli, na mvua ya mawe sijawahi kuiona kwa macho. Unguja utaiona wapi, huku kwetu hewa ya kugandisha maji iko juu huko kama kilomita 5 na sisi tuko usawa wa bahari, jiwe likianguka linayeyuka njiani linafika chini tone. Wanaoijua ni watu wa milimani kama Kericho kwenye chai, na bara hawajasahau Mwakata ya Kahama, Machi 2015, ilivyoua watu zaidi ya 40.

Basi nikaingia mtandaoni, na kiukweli Wamarekani kwa hili nawapa heko, rekodi zao ziko wazi bure kabisa. Idara yao ya hali ya hewa na bahari, NOAA, ina databesi inaitwa Storm Events Database, mvua ya mawe imeandikwa humo tangu 1955. Unachagua jimbo, unachagua kaunti, unashusha faili la ekseli. Kila mstari una tarehe, saa, ukubwa wa jiwe kwa inchi, na mingi ina latitudo na longitudo, mengine hata maelezo kidogo, mawe yalivunja vioo vya magari, yalitoboa paa, kama hivo. Ya karibuni yanachelewa miezi kadhaa kuingia, hayo unayapata kwa kituo chao cha dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, wale wanaweka ripoti kila siku.

Sasa tatizo la kwanza, kaunti. Kaunti ya Tarrant, ndo yenye Fort Worth, ni kama kilomita za mraba 2,300, Unguja yetu nzima haifiki 1,700, kwa hivo mtu akikwambia Tarrant ilinyesha mawe ni sawa na kusema Unguja ilinyesha, sawa, Nungwi au Makunduchi? Nikachukua nukta ya kila nyumba kwenye ramani nikatafuta umbali wa kila mstari. Hesabu yake rahisi, tofauti ya latitudo zidisha kwa 111 upate kilomita, tofauti ya longitudo kwa kule zidisha kwa 94 kwa sababu wako mbali na ikweta mistari imeanza kubanana (huku kwetu zote mbili ni karibu 111), kila moja izidishe kwa nafsi yake, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Isiyokuwa na nukta nikaitenga. Nikabakisha kilichomo ndani ya kilomita 16 ya kila nyumba.

La pili, usihesabu mistari, hesabu siku. Dhoruba moja ikipita juu ya mji watu kumi wanapiga simu unapata mistari kumi, ukiitazama haraka unaona balaa kumi kumbe ni alasiri moja.

La tatu ndo lililonifurahisha. Nilipopanga saizi nikaona inchi 1.00 zimejaa, 1.75 zimejaa, 1.60 hakuna kabisa. Nikajiuliza mawe ya Texas yanapimwa kiwandani? Kumbe watu hawatoki na rula, wanalinganisha, sarafu ya robo dola ni inchi 1, mpira wa gofu ni 1.75, mpira wa besiboli ni 2.75. Kwa hivo saizi ichukulie kama kauli ya shahidi. Alafu kuna kanuni, mpaka mwisho wa 2009 jiwe la inchi 0.75 lilikuwa linahesabiwa dhoruba kali, kuanzia 2010 wakapandisha ikawa inchi 1, madogo yakapungua kwenye vitabu na mawinguni wala hakujabadilika kitu. Nikachuja nikaacha inchi 1 kwenda juu kwa miaka yote.

Matokeo yalipotoka dalali alionekana mkweli. Nyumba ya mjini siku zake zilikuwa nyingi wazi wazi, miaka iliyopita mitupu ni ya kuhesabu, na ipo ile tarehe 5 Mei 1995 ambayo Fort Worth wanaijua wote, mawe yaliwakuta watu nje kwenye tamasha la Mayfest na hasara ya siku ile ikapita dola bilioni 1. Ya pembeni siku zake chache, hasa miaka ya zamani karibu hakuna.

Ila hapo mie nikasita. Nikafungua picha za satelaiti za miaka ya nyuma, ule mtaa ulikuwa malisho ya ng'ombe. Nani angepiga simu, ng'ombe? Rekodi hizi zinaandikwa na binadamu, penye watu na barabara pana ripoti, penye majani hapana. Na dhoruba nyingi kule zinatoka magharibi zinakwenda mashariki, nyumba ile iko magharibi ya mji, ikipita dhoruba inapita kwake kwanza.

Nikatafuta kitu kisichotegemea simu ya mtu, nikapata kumbukumbu za rada, hao hao NOAA wanazo kwenye hifadhi yao nyingine ya dhoruba inaitwa SWDI, alama za mvua ya mawe tangu miaka ya 1990. Rada nayo inakisia, mara nyingine inasema mawe makubwa na chini hakuna kitu, kwa hivo ukubwa wake sikuuamini, nilichoangalia ni siku tu. Zilikuwepo siku kibao rada inapiga alama juu ya yale malisho na kwenye ripoti kimya. Kwa rada nyumba mbili hizi huwezi kuzitenganisha.

Nikamwambia dada, hatari ni moja, wacha kuchagua mtaa chagua paa. Paa nyingi kule ni vigae vya lami, na vipo vya daraja la 4 ambavyo vinajaribiwa kwa kudondoshewa tufe la chuma la inchi 2 kutoka futi 20, mara mbili pale pale pamoja, vikipasuka havipiti. Kampuni nyingi za bima Texas zinakupunguzia ukiwa navyo. Akauliza, ya mjini paa limebadilishwa juzi juzi kwa daraja la 4 na risiti ipo, ya pembeni vigae ni vile vile vya tangu kujengwa. Kachukua ya mjini, kapeleka risiti kwa watu wa bima wakampunguzia. Ile asilimia 2 haikuondoka, ila kaambiwa anaweza kulipa zaidi kidogo kwa mwaka ikashuka iwe 1, hapo ndo tunapiga hesabu na faili lile lile.