Ukoko wa Santo Domingo

Bibi yangu ni Mrangi wa Kondoa. Tulipokuwa wadogo alitukataza wajukuu wa kike kukomba sufuria: ukila ukoko, siku ya harusi yako mvua itanyesha. Nilikula kwa kujificha, kwa sababu hakuna sehemu ya wali niipendayo kama ile.

Mwaka jana dada mmoja kutoka Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, alipanga chumba kwetu Area C, Dodoma, kwa miezi minne. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini jikoni tulielewana. Siku ya kwanza nilipompeleka Soko la Majengo alisimama mbele ya gunia la mbaazi, akachota kwa kiganja, akasema, "Guandules!" Kwao mbaazi hupikwa pamoja na mchele, chakula kinaitwa moro de guandules, na upande wa Samaná wanatia tui la nazi. Mbaazi zilifika visiwa vyao vya Karibi enzi za biashara ya utumwa, zikitokea huku Afrika. Nilibeba nazi mbili na kilo ya mbaazi nikiwa kimya, nikiwaza safari hiyo.

Alikaanga kitunguu saumu, hoho na giligilani, akatia nyanya ya kopo, mbaazi zilizokwisha chemka, tui, kisha mchele. Maji yalipokauka nikakimbilia koleo nipalie makaa juu ya mfuniko, kama tufanyavyo. Akanishika mkono. Moto wote aliutaka chini! Akainamia sufuria, akasikiliza mpaka wali ukaanza kulia kwa ndani. Hapo nikajua anatafuta nini.

Wao wanauita concón. Haubaki kwenye sufuria kungoja watoto. Unabanduliwa kwa kijiko cha chuma, unawekwa kwenye sahani yake, unamwagiwa mchuzi wa maharage na kuletwa mezani kwa watu wazima. Mimi niliyekula kwa kujificha niliiangalia ile sahani kwa furaha ambayo sijui niielezeje.

Alinipikia mengi. Mlo wao wa mchana, wali mweupe, maharage na nyama, wanauita la bandera, yaani bendera. Ni sahani ileile unayoikuta kwa mama ntilie yeyote hapa mjini. Mangú ni mzuzu mbichi uliochemshwa na kupondwa, juu yake vitunguu vyekundu vilivyopitishwa kwenye siki. Nilipoipika peke yangu ilikuwa kavu, maana nilimwaga maji ya kuchemshia. Maji hayo ndiyo yanayoilainisha, pamoja na siagi. Usiyamwage.

Mwezi Julai bibi alikuja kututembelea. Ukoko ulipoletwa mezani alimwonya mgeni kuhusu mvua ya harusi, nami nikatafsiri nilivyoweza. Dada akashangaa. Akauliza mvua ina ubaya gani, mbona tangu afike Dodoma hajaona hata tone?

Bibi alinyamaza. Akatazama nje, uani, palipokuwa na vumbi tupu. Kisha akavuta sahani, akauvunja ukoko vipande viwili, kile kikubwa akamsogezea mgeni na kingine akanipa mimi.

"Kuleni, wajukuu zangu. Kuleni wote."