Free iliyokataa const

Programu ile ilikuwa ya lugha ya C. Kila mtumiaji alikuwa na strakti yake, yaani fungu la data zake, na ndani yake uga wa jina wa aina ya const char *, yaani pointa (anwani ya memori) kwa herufi zisizoruhusiwa kubadilishwa, kwa sababu jina likishawekwa hatukutaka mtu alichezee. Mimi nilipewa fanksheni ya usafi, ile inayorudisha memori yote mwishoni.

Nikaita free, fanksheni ya C ya kuachia memori: free(m->jina). GCC, kikompaila chetu, ikagoma: ukiipa free pointa hiyo, unaivua sifa ya const. Kwa kawaida hilo ni onyo tu, ila sisi tulikompaili kwa -Werror, kwa hiyo kila onyo lilikuwa kosa. Nikalazimisha aina, (void *)m->jina. Ikagoma tena, safari hii -Wcast-qual, onyo la kuvua const kwa kulazimisha aina, ndiyo iliyolalamika. Mwenzangu akanishauri nizungukie kwenye namba, yaani pointa igeuzwe kwanza namba ya aina ya uintptr_t: (void *)(uintptr_t)m->jina. Kimya. Ikapita.

Niliudhika kwelikweli. Kuachia memori si kuyabadilisha yaliyomo, sasa free inadai void * tupu ya nini? Kwenye kerneli ya Linux, kfree, ambayo ndiyo free ya humo, inapokea const void *, na delete ya C++ haina shida na const. Mpaka leo naona C ingefaa ifanye vivyo hivyo.

Hata hivyo sikutaka kuuweka mstari ule kabla ya kujua majina yanatoka wapi. Nikapekua kila panapojazwa uga ule. Karibu kote ilikuwa strdup, yaani nakala iliyo kwenye hipu (eneo la memori inayoombwa programu ikiendeshwa), ambayo ni haki yetu kuiachia. Isipokuwa strakti moja ya kuanzia: .jina = "mgeni". Memori ya neno hilo haikuombwa kwa malloc, fanksheni ya kuomba memori ya hipu. Limo ndani ya faili la programu lenyewe, kwenye eneo la kusomwa tu. Nikalijaribu pembeni kwa programu ya mistari michache, na glibc, maktaba ya C yenye free yenyewe, ikaikatisha hapohapo: free(): invalid pointer.

Nikaondoa uintptr_t. Uga nikaufanya char *, "mgeni" nalo likapitia strdup, na msimbo mwingine wote ukawa unalipata jina kupitia fanksheni inayorudisha const char *. Mwenzangu alisema tunapoteza memori bure. Ni baiti 6, nikamjibu, na sasa kila jina lina mwenyewe. Valgrind, zana ya kukagua memori, ikaandika: All heap blocks were freed, yaani memori yote ya hipu imeachiwa.